Mchanga Ulivyonasa Plastiki

Asilimia 98 ni alama ambayo mwanafunzi yeyote angekimbia nayo nyumbani. Mtambo mmoja wa majitaka huko Glasgow, Uskoti, unaohudumia watu wapatao 650,000, ulipimwa ukaonekana unaondoa asilimia 98.41 ya chembe za plastiki. Kila lita iliyoingia ilikuwa na chembe 15.7, iliyotoka ilikuwa na 0.25. Ila maji yenyewe ni mengi mno, na hesabu ya siku nzima, iliyochapishwa mwaka 2016, ikafika chembe milioni 65 zinazomwagwa Mto Clyde. Je, ukiongezwa mchujo mmoja mwishoni, zitabaki ngapi?

Jibu lilitoka Ufini mwaka 2017. Julia Talvitie na wenzake walipima njia nne, kila moja kwenye mtambo wake, wakikamata chembe ndogo hadi za maikromita 20, yaani sehemu mbili za mia za milimita. Chembe zikapimwa kwa mwanga wa infraredi, kwa sababu kwa macho tu ni rahisi kuchanganya uzi wa pamba na uzi wa poliesta.

Kati ya njia hizo nne, inayonivutia zaidi ni kichujio cha mchanga cha mji wa Turku. Mapengo kati ya punje na punje huwa mapana kuliko chembe nyingi za plastiki, lakini chembe zikashuka kutoka 0.7 hadi 0.02 kwa lita: asilimia 97. Siri ni safari yenyewe. Maji hupita kona baada ya kona, chembe ikigusa punje hung'ang'ania, na uchafu ulionaswa mwanzo huzidi kuibana njia.

Kichujio cha kitambaa hakina kina hicho. Vichujio vya diski vya Helsinki, vya kitambaa chenye matundu ya maikromita 10 au 20, vilitoa matokeo ya kupanda na kushuka, asilimia 40 hadi 98.5. Tena nyuzi za nguo ni laghai: uzi ukija umejilaza hukwama, ukija kwa ncha hupenya kama kwenye tundu la sindano. Njia ya kuinua uchafu kwa viputo vya hewa ilifikia asilimia 95.

Utando wenye vitundu vya maikromita 0.4 ndio ulioongoza, asilimia 99.9. Hapo naomba tuwe waangalifu. Utando ulipewa maji yaliyotuamishwa tu, yenye chembe 6.9 kwa lita, ilhali mchanga ulipewa maji yaliyokwisha kusafishwa. Tulinganishe mwisho wa safari: utando uliacha chembe moja katika lita 200, mchanga moja katika lita 50. Tofauti ipo, lakini utando unakula umeme mwingi na lazima uoshwe mara kwa mara usizibe. Kwa mji wenye bajeti finyu, mimi ningechagua mchanga.

Limebaki tope. Mchanga huoshwa kwa kusukumiwa maji kutoka chini, maji hayo hurudishwa mwanzo wa mtambo, na plastiki huishia kwenye tope, ambalo katika nchi nyingi humwagwa mashambani kama mbolea. Wahandisi wetu, nawasihi: zabuni ya kichujio itaje, katika karatasi ileile, tope litapelekwa wapi.