Kupokea Vifaranga

Mvuvi husifiwa, na mpishi wa samaki hapungukiwi sifa. Anayesahaulika ni yule anayepokea vifaranga siku wanapofika. Kazi yake haizidi saa moja, haimtoi jasho, na akiifanya vizuri hakuna cha kuonyesha: samaki hawakufa, basi. Ndiyo maana nimeona nimsifu yeye.

Hapa Majengo, Moshi, wafugaji wa namna hiyo wapo. Nyuma ya nyumba, kati ya kamba za kuanikia nguo na banda la kuku, utakuta tangi la zege lililofunikwa wavu, au simtanki lililokatwa juu, na ndani yake perege au kambale. Vifaranga hufika ndani ya mfuko wa nailoni: theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, mdomo umefungwa kwa mpira. Muuzaji anayeijua kazi huwa amewanyima chakula tangu jana yake, kwa sababu samaki aliyeshiba huyachafua maji ya safari.

Humo mfukoni mna mambo. Samaki wanapumua na kutoa hewa ukaa, nayo huyatia maji tindikali kidogo. Papo hapo wanatoa amonia. Maadamu maji yana tindikali, sehemu kubwa ya amonia hiyo hukaa katika hali isiyowadhuru sana. Fungua mfuko, hewa ukaa itoke, tindikali ipungue, na amonia ileile iliyokuwa imetulia huanza kugeuka sumu. Kwa hiyo mfuko ukiwa umefungwa una nafasi ya kungoja. Ukishaufungua, saa inakwenda. Wengi hufanya kinyume. Huufungua mfuko kwa shauku ya kuwaona samaki, kisha huenda kupokea simu.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyejifunzia kazi hii kwenye tangi lake mwenyewe, hajawahi kunitajia amonia. Lakini mtazame. Anauweka mfuko juu ya maji ya tangi, ungali umefungwa, upande wenye kivuli, na kuuacha uelee robo saa au zaidi. Anaugusa kwa mgongo wa kiganja, kisha anagusa maji ya tangi kwa mgongo wa kiganja hichohicho. Baridi zikilingana, ndipo anafungua. Anachota kikombe kimoja cha maji ya tangi na kukitia mfukoni taratibu, anatazama mashavu ya samaki yanavyopanda na kushuka, anatia kingine. Hachelewi na haharakishi. Mwisho anaulaza mfuko ubavu, mdomo ndani ya maji, na kuushikilia hivyo. Hawamwagi. Wanatoka wenyewe, wawili watatu, halafu kundi zima kwa mkupuo, wanazama moja kwa moja hadi kwenye kona za chini. Daima kuna mmoja anayebaki mfukoni. Huyo naye anangojwa. Maji ya mfuko hayaingii tangini. Yanakwenda kwenye mchicha.

“Shangazi, tuwape pumba?” aliuliza kijana wa nyumbani kwake mara moja nikiwapo.

“Waache kwanza wazijue pembe za nyumba,” akajibu, akafunika wavu.

Chakula walipewa kesho yake.

Hiyo ndiyo sehemu inayoonekana. Iliyo kubwa hufanyika kabla, wakati samaki hawajaagizwa. Tangi jipya la zege huyatia maji chokaa ya saruji, kwa hiyo hujazwa na kumwagwa mara kadhaa kabla halijafaa. Maji ya bomba yana klorini. Huachwa wazi juani mpaka iishe. Kisha samadi kidogo, na siku kadhaa za subira, hadi maji yaanze ukijani. Mgeni wa mjini huona maji hayo ni machafu. Mfugaji anatumbukiza mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula cha asili kimeshajengeka. Kiganja kikipotea mapema mno, ukijani umezidi, na kuna hatari alfajiri, kwa sababu usiku vijimea vinavyoleta ukijani huo navyo hutumia oksijeni, na kunapokaribia kucha ndipo oksijeni huwa kidogo kabisa. Samaki wanaoonekana wakihema juu ya maji asubuhi na mapema hawachezi.

Halafu kuna baridi. Perege hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Yakishuka hadi karibu na 16 huacha kula. Moshi ya mwezi wa Juni na Julai si mahali pa kumleta kifaranga, na kadiri unavyopanda kwenda Kibosho au Marangu ndivyo maji ya mfongo, yaani mfereji, yanavyozidi kuwa ya mlimani. Huko mfugaji hodari haruhusu maji yapite bwawani mchana kutwa. Huyafungia, ayaache yakae na jua.

Ufundi huu una ndugu zake mbali. Wapo watu Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe sebuleni, ndani ya matangi ya vioo, na kiumbe kimoja kinachowasumbua ni anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri, anayewahifadhi samaki wadogo wenye mistari myeupe, kama walivyo kwenye miamba ya Mafia na Pemba. Hawamweki kwenye kioo kipya. Hungoja miezi mpaka maji yatulie. Humdondoshea maji mapya kupitia mrija mwembamba. Wakishamweka juu ya jiwe, yeye huamua. Asipopenda mwanga au mkondo wa mahali hapo, hutembea kwa ule mguu wake mmoja usiku kucha kutafuta pengine, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumbandua. Kabla ya hapo lazima pampu ziwe zimefunikwa, maana anemoni akivutwa na pampu husagika, na mabaki yake huweza kuua kila kilichomo. Binafsi ningependa abaki kwenye mwamba wake. Hata hivyo, mtu anayeweza kukaa usiku kucha bila kumgusa mnyama aliyemnunua kwa fedha nyingi, huyo angeelewana vizuri sana na jirani yangu.

Tofauti ni kwamba perege hujaa. Jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na tangi lililokuwa na nafasi linafurika wadogo wasiokua. Wafugaji wengi siku hizi huagiza madume watupu, lakini jike mmoja akipenya, mambo yale yale. Hapo ndipo huja wazo baya la kuwachota kwa ndoo na kwenda kuwamwaga mto Rau.

Perege huyu wa matangini, anayeitwa sato, si samaki wa bonde la Pangani. Bonde hili lina perege wake: yupo wa Ziwa Jipe, na yupo wa Ziwa Chala, Oreochromis hunteri, ambaye asili yake ni ziwa hilo tu duniani kote. Wote wawili wamo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Sato huzaliana na perege wa jamii yake na kuvuruga uzao wao, na maji ya upande huu wa mlima Kilimanjaro hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani. Ndoo moja inatosha kufika mbali. Ndugu mfugaji, wakizidi, kaanga. Usiwapeleke mtoni.