Dada wanne, si mmoja: tuangalie tena hadithi ya Vipepeo

Utangulizi

Kila mwaka tarehe 25 Novemba tunaona akina mama wa mji wakitembea kwa maandamano, na mabango juu ya ukatili unaofanyiwa wanawake. Tukiuliza wanafunzi wetu kwa nini ni tarehe ile na si nyingine, wengi wananyamaza. Wengine wanajibu kwamba ni ONU njo ilichagua. Ni kweli, ONU ilichagua mwaka 1999, lakini haikuokota tarehe ile barabarani. Wanawake wa Amerika ya Kilatini walikuwa wamekwisha kuichagua mbele, mwaka 1981, katika mkutano wao wa Bogotá, kwa kukumbuka dada watatu waliouawa siku moja kule Jamhuri ya Dominika.

Sisi wa Kongo tuko na sababu yetu ya kusimama kidogo mbele ya tarehe hii. Kwa wazazi wetu, tarehe 24 Novemba ilikuwa sikukuu kubwa, juu ni siku Mobutu alichukua mamlaka mwaka 1965. Basi ni usiku mmoja tu unaotenga sikukuu ya mtawala na kilio cha wale waliomkataa mtawala mwingine. Ni bahati tu ya kalenda, lakini inafaa kufikiri.

Juu ya dada hawa kuna filme iliyotengenezwa kwa televisheni ya Marekani mwaka 2001, yenye jina In the Time of the Butterflies, maana yake Wakati wa Vipepeo. Mwongozaji ni Mariano Barroso wa Uhispania, na filme ilitokana na kitabu cha Julia Alvarez cha mwaka 1994. Tuliiangalia na wanafunzi wa mwaka wa sita, kwenye ordinatere moja, wote wakisongamana. Kwa kuwa wanasema Kiingereza, sisi tulikuwa tunasimama pembeni na kutafsiri. Katika kurasa hizi tunataka kuipima filme ile, si kwa kipimo cha watu wa sinema, lakini kwa kipimo cha wazee wetu: namna gani mtu shujaa anasimuliwa?

1. Mambo yenyewe yalikuwa namna gani

Rafael Trujillo alitawala nchi yake tangu mwaka 1930 mpaka alipouawa tarehe 30 Mei 1961. Alifundishwa uaskari na Wamarekani walipokuwa wanaikalia nchi yake, kati ya 1916 na 1924. Mwaka 1936 mji mkuu, Santo Domingo, ulipewa jina lake, ukaitwa Ciudad Trujillo. Mwaka 1937 aliamuru kuua Wahaiti kwa maelfu karibu na mpaka. Picha yake ilitundikwa ndani ya nyumba za watu. Wasomaji wenye miaka kama yetu hawana haja ya kuelezwa sana. Nchi kubadilishwa jina, picha ukutani, nyimbo za kumsifu mtu mmoja: tuliyaona.

Katika kijiji cha Ojo de Agua, karibu na mji wa Salcedo, kulikuwa na familia ya Mirabal, watu wa mashamba na duka, wenye kujiweza. Walikuwa na binti wanne: Patria aliyezaliwa mwaka 1924, Dedé 1925, Minerva 1926, na kitinda mimba María Teresa, 1935. Mwaka 1949 familia iliitwa kwenye karamu ya mtawala. Trujillo alimtaka Minerva, Minerva akakataa, na familia ikaondoka mbele ya mtawala kuondoka. Kosa hilo lilitosha. Baba yao alitiwa boloko, afya yake ikaharibika, akafa mwaka 1953. Minerva alisoma sheria mpaka akamaliza, lakini alinyimwa ruhusa ya kufanya kazi ile.

Mwezi wa sita 1959, Wadominika waliokuwa uhamishoni walitoka Cuba na silaha kwa kujaribu kumwangusha Trujillo. Walishindwa, karibu wote wakauawa. Mwanzoni mwa 1960 vijana wa ndani ya nchi waliunda chama cha siri, wakakipa jina la tarehe ya uvamizi ule: 14 Juni. Minerva na bwana yake Manolo Tavárez walikuwa kati ya viongozi. Patria na María Teresa waliingia pia, na mabwana zao. Jina la siri la dada hawa lilikuwa Vipepeo. Mwezi ule ule wa kwanza, mamia ya watu walikamatwa. Minerva na María Teresa walifungwa. Maaskofu wa Kikatoliki waliandika barua ya kuwatetea wafungwa, na mwezi wa nane nchi za Amerika zikamwekea Trujillo vikwazo. Wale dada walifunguliwa, lakini mabwana walibakia ndani.

Tarehe 25 Novemba 1960, Patria, Minerva na María Teresa walikwenda Puerto Plata kuona wafungwa. Dereva alikuwa Rufino de la Cruz, ambaye watu wengi wanamsahau. Wakati wa kurudi, watu wa usalama wa Trujillo waliwasimamisha, wakawapiga mpaka kufa wote wanne, halafu wakawarudisha ndani ya jeep na kuitupa korongoni ili ionekane kama aksida. Hakuna mtu aliyeamini. Miezi sita nyuma, Trujillo naye alipigwa risasi barabarani.

Tukumbuke tena jambo moja. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960, siku mbili tu nyuma ya kifo chao, Patrice Lumumba alitoroka nyumba aliyokuwa amezingirwa kule Léopoldville. Tarehe 17 Januari 1961 alikuwa amekwisha kuuawa, hapa kwetu karibu na Lubumbashi. Na mwaka 1975, kamati ya Seneti ya Marekani ilipochunguza mipango ya kuua viongozi wa nchi za inje, majina ya Lumumba na Trujillo yalikuwa katika ripoti moja. Dunia ya wakati ule ilikuwa ndogo kuliko tunavyofikiri.

2. Filme inafanya nini vizuri

Hatutaki kuwa wabaya. Filme iko na nguvu yake. Salma Hayek, anayecheza Minerva, hachezi mtakatifu. Anacheza mtu mwenye kiburi, mwenye hamu ya kusoma, anayekasirika haraka. Edward James Olmos, anayecheza Trujillo, anajua kitu kimoja ambacho wachezaji wengi hawajui: mtawala mkali hapigi kelele kila saa. Mara nyingi anatabasamu. Anauliza habari za baba na mama. Wanafunzi wetu walitegemea jitu la kutisha, wakaona mzee aliyevaa vizuri, mwenye maneno laini, na wakaogopa zaidi. Kijana mmoja alisema: "Mwalimu, huyu ni mubaya juu anaongea sawa vile baba." Hatukuweza kueleza vizuri kuliko yeye.

Vilevile filme inaonyesha namna ile serikali ilivyoingia mpaka ndani ya nyumba. Binti hawezi kukataa kucheza dansi, na baba hawezi kukasirika. Mambo ya siasa yanaanza mezani, kwenye karamu, mbele ya kufika boloko.

3. Pale filme inapokosea

Lakini tukiipima kwa kipimo cha wazee, filme inakosea.

Kwa Wabaluba kuna kasala, maneno ya kumsifu mtu, hasa wakati wa kilio, lakini hata kwa aliye hai. Wenye kulijua wanafahamu sheria yake. Kasala haimwiti mtu peke yake. Inamwita na baba yake, mama yake, babu zake, ukoo wake, mahali walipotoka. Sifa ya mmoja inapita ndani ya majina ya wengi. Na anayesikia jina la mkubwa wake ndani ya kasala anaamka, anasimama, juu anajua kwamba yeye naye ameitwa.

Filme ya Barroso inafanya kinyume. Inamtoa Minerva kati ya ndugu zake na kumweka peke yake kwenye mwanga. Patria, María Teresa na Dedé wanapita pembeni sawa vile watu wa kumsindikiza bibi arusi. Kitabu cha Alvarez hakikufanya hivyo. Mule kila dada ana sura zake na sauti yake: Patria mtu wa sala, anayesukumwa na imani yake mwenyewe, María Teresa anaandika katika daftari yake tangu utoto, Dedé ni mzee anayekumbuka. Kwenye filme sauti nne zimekuwa karibu sauti moja, na nafasi iliyobaki imepewa mapenzi ya Minerva na Lío, kijana ambaye mwandishi alimbuni.

Halafu kuna lile kofi. Katika filme Minerva anampiga Trujillo kofi wakati wa dansi. Darasa letu lilipiga makelele ya furaha, wasichana wakasimama. Tunaelewa. Kofi lile linasimuliwa mpaka leo, na kila watu wanapenda kuwa na hadithi namna ile. Lakini jambo lililo hakika ni kukataa kwake, na kukataa kule kulichukua miaka 11, kutoka 1949 mpaka 1960: miaka ya kusoma, ya kufungwa, ya kuficha karatasi, ya kulea watoto. Kofi ni dakika moja. Tukiwafundisha vijana kwamba ujasiri ni kofi, wenye mikono mizito watafurahi, na wengine wote watafikiri kwamba wao si kitu.

4. Mwenye kubakia

Tulipokaribia mwisho wa filme, umeme ulikatika. Wanafunzi walilalamika sana. Ikabidi tuwasimulie wenyewe, ndani ya giza, sawa vile wazee walivyokuwa wakisimulia kwenye moto. Tulipomaliza kusema juu ya ile barabara ya mlima, wote walinyamaza. Halafu msichana mmoja wa nyuma akauliza:

"Mwalimu, na ule wa ine, mwenye alibakia, alifanya nini?"

Mbele hatujajibu, kijana mmoja akasema: "Aliogopa tu. Njo maana hakukufa."

Tulikosa jibu siku ile. Filme haikutusaidia, kwa sababu haikumpa Dedé kazi kubwa. Tulikwenda kutafuta, na wiki iliyofuata tuliwaeleza. Dedé hakuingia katika chama sawa vile wengine. Bwana yake hakutaka. Siku ile hakuwa ndani ya jeep. Nyuma ya kifo, yeye na mama yao, Doña Chea, walikusanya watoto yatima sita wa dada zake, akawalea pamoja na watoto wake watatu. Nyumba waliyoishi ilikuwa makumbusho, na kwa miaka mingi alipokea wageni yeye mwenyewe, akiwasimulia upya kila siku kifo cha dada zake. Mtoto wake mmoja alikuwa makamu wa rais wa nchi tangu 1996 mpaka 2000. Binti ya Minerva alikuwa mbunge. Mwaka 2007 jimbo la Salcedo lilipewa jina la dada Mirabal. Dedé alikufa tarehe 1 Februari 2014. Bila yeye tungekuwa na makaburi, lakini hadithi ingekuwa wapi?

Swali la yule msichana lilitugusa kwa sababu ingine, na tuombe ruhusa ya kuisema. Tulipokuwa mtoto, wakati wa MPR, mama yetu alikuwa akiitwa kucheza animasio. Alivaa kikwembe chenye picha ya Mkubwa, anakwenda na wenzake kupiga makofi kwenye jua. Tulipokua na kusoma historia kwenye chuo cha ualimu, tulimwonea haya. Hatukumwambia, lakini mama anajua. Juzi, nyuma ya kazi hii na wanafunzi, tulimwuliza kwa mara ya kwanza: "Mama, wakati ule ulikuwa unafikiri nini?" Alituangalia wakati mrefu, halafu akasema: "Mwana yangu, nilikuwa nacheza juu mukule. Lakini ndani ya nyumba yangu, ule wimbo uliisikia siku moja?"

Ni kweli. Hatukuusikia hata siku moja. Alicheza inje, na akifika mlangoni alinyamaza. Hatusemi kwamba mama yetu alikuwa Minerva. Hata Dedé hakuwa Minerva, na yeye mwenyewe hakujidai. Lakini kuna namna ya kukataa ambayo sinema haiwezi kupiga picha, kwa kuwa haina kofi wala bunduki: ni mlango unaofungwa ili wimbo wa mtawala usiingie kwa watoto.

Kwa kumaliza

Tunawashauri walimu wenzetu waonyeshe filme hii, juu iko na faida. Lakini wasiiache iseme peke yake. Baada ya kuiangalia, wawaulize wanafunzi: nani hakuonekana? Nani aliendesha motokari? Nani alilea watoto? Nani alibakia kusimulia? Na wawatume nyumbani kuuliza mama na bibi zao walifanya nini wakati wa chama kimoja, wangali hai, kabla hatujabakia na vikwembe tu ndani ya sanduku.

Kijana aliyesema kwamba Dedé aliogopa tu alikuja kutuona juma lililofuata. Alikuwa amemwuliza bibi yake. Hatutaandika hapa alichoambiwa, ni mali ya familia yake. Alisema tu: "Mwalimu, ile neno yangu ya siku ile, nafuta."