Soko Linalofungwa Kabla ya Hadithi Kuisha

Mechi kubwa ya Counter-Strike haiishi kwa ramani moja. Timu mbili zinaanza na orodha ya ramani saba, zinaondoa zisizozitaka, kila moja inachagua yake, na anayeshinda mbili kati ya tatu ndiye mshindi. Ni hadithi yenye sura tatu, na mara nyingine sura ya kwanza inakudanganya makusudi.

Masoko ya utabiri kama Polymarket sasa yanauza sura hizo moja moja. Unanunua hisa ya timu kwa senti 60. Ikishinda ramani hiyo unalipwa dola moja, ikishindwa huna kitu. Bei ya senti 60 inasomwa kama uwezekano wa asilimia 60.

Tusiwe wanafiki: soko ni msomaji makini. Mtangazaji anapigia kelele timu yenye jina, lakini bei inakumbuka kwamba hiyo timu ikipelekwa Nuke hubabaika. Mwenye pesa mezani lazima ajue nani alichagua ramani na nani anaanza upande wa kulinda. Huo ni uchambuzi, na mara nyingi unatushinda sisi tunaoandika.

Shida yangu ni kwamba anasoma sura moja, anafunga kitabu.

Chukua fainali ya Major ya Boston, Januari 2018. FaZe waliwafunga Cloud9 16-14 kwenye Mirage. Soko la ramani ya kwanza lingelipa watu wake hapo na kwenda nyumbani. Lakini Cloud9 walichukua Overpass 16-10, kisha Inferno wakajikuta chini 11-15, FaZe wakitaka raundi moja tu. Wakarudi, wakalazimisha muda wa ziada mara mbili, wakamaliza 22-19. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Amerika Kaskazini kushinda Major. Bila kidonda cha Mirage, ile Inferno haina uzito wake.

Nairobi tunaijua hii tabia kutoka kwa mpira. Msee anatazama dakika tisini, ukimuuliza nani alicheza vizuri hajui. Anajua tu kona zimefika ngapi, na kama mkeka bado unapumua.

Ila kuna jambo zito kuliko ladha. Agosti 2014, iBUYPOWER, moja ya timu kali za Marekani, walicheza ramani moja tu, Season, dhidi ya NetCodeGuides.com. Wakapigwa 16-4. Mechi ilikuwa imeuzwa, na malipo yakaja kwa skini za bunduki. Januari 2015 Valve ikafungia watu saba, wanne wao wachezaji wa iBUYPOWER. Wa tano, Skadoodle, hakufungiwa. Ndiye huyo huyo aliyeinua kombe Boston na Cloud9. Wenzake wanne walikuwa na vipaji vya kufika pale, lakini Major za Valve walikuwa wamefungiwa nje.

Angalia lakini: wale waliuza ramani, wakapoteza mechi nzima. Kwa mechi ya ramani tatu, mchezaji anaweza kuuza ya kwanza, acheze vibaya kidogo tu, halafu arudi ashinde mbili zilizobaki. Timu inasonga mbele, mashabiki wanashangilia, kocha hana swali. Tena tutamsifu kwa moyo wa kupigana. Soko la mechi nzima linamlazimisha atoe kafara ushindi. Soko la ramani halimdai hata hiyo.

Kwa hivyo sina neno na soko linaloniuliza nani atashinda mechi, kwa sababu hilo lazima litulie hadi mwisho kama mimi. Hili la ramani wangelifunga tu. Manze, nataka timu ikirudi kutoka 11-15 nipige nduru, si nianze kujiuliza ile Mirage ilienda kwa bei gani.