Maili Kumi za Barghash

Mapatano ya mwaka 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani yana kipengele ambacho sichoki kukisoma. Kinasema mwambao wa Sultani wa Zanzibar unaanzia mto Minengani, kwenye ghuba ya Tungi, na kufika Kipini bila kukatika, na kwamba upana wake kuelekea bara ni maili 10 za baharini, zipimwe moja kwa moja kutoka pale maji yanapojaa. Hayo maneno ya mwisho ni kazi ya fundi. Aliyekulia pwani ataelewa upesi. Maji ya bamvua kwetu hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na penye ufuko tambarare, yakipwa, mtu hutembea kitambo kirefu kabla ya kulowa magoti. Sasa pwani ni ipi? Mwandishi aliliona swali hilo kabla mtu hajaligombania, akalimaliza.

Ukiendelea kusoma, kaskazini ya Kipini ukanda unakwisha na miduara inaanza. Kismayu, Barawa, Merka na Mogadishu, kila mji unapewa maili 10 upande wa bara, na Warsheikh maili 5. Kusini, mpaka unaufuata Minengani maili 5, unashika mstari wa latitudo hadi ukingo wa kulia wa Ruvuma, unavuka, kisha unateremka na ukingo wa kushoto. Hata ukingo wa mto umetajwa. Visiwa navyo vimetajwa: Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vilivyo ndani ya maili 12 kuvizunguka, halafu Lamu na Mafia. Hakuna neno la kupamba. Na namba hizo hazikuokotwa. Nyuma yake kuna mashindano marefu ya kuthibitisha ni nani hasa aliyekuwa akitawala pwani hii, na kwa ushahidi gani.

Mgawanyo wa mwambao huu huelezwa kwa kuwataja Bismarck na Salisbury. Walikuwa hodari, sikatai, lakini mwenye manowari anaweza kuandika vibaya na bado akapata anachotaka. Mimi nimevutwa zaidi na Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Alikuwa na askari wachache, hazina iliyotegemea forodha na karafuu, na madola makubwa yaliyomtazama kama mtu wa kupangiwa mambo. Alichokuwa nacho kwa wingi ni barua.

Ujana wake ulimpitisha katika shule ngumu. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko aliishi chini ya serikali iliyotawala watu wengi mno kwa makarani, mihuri na kumbukumbu za ofisini. Alipokalia kiti mwenyewe, mtihani wake wa kwanza juu ya pwani ulikuja mwaka 1875. Khedive Ismail wa Misri alituma meli chini ya Mwingereza aliyekuwa katika utumishi wake, McKillop, zikaiteka Barawa na Kismayu. Barghash hakuwa na uwezo wa kuzifukuza. Aliandika. Alilifikisha lalamiko lake kwa Waingereza kupitia kwa balozi wao Unguja, John Kirk, nao wakambana Khedive mpaka akawaondoa watu wake. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1873, Barghash huyo huyo alikuwa amelazimishwa na Waingereza hao hao kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa kwa njia ya bahari. Kumtumia aliyekubana jana akutetee leo kunataka moyo mpana na kichwa kilichotulia.

Ila barua peke yake haimiliki pwani, na hilo alilijua. Bandarini aliweka liwali wa kuamua mambo ya utawala, kadhi wa kuhukumu kwa sheria, askari kadhaa, na forodha. Forodha ndiyo iliyokuwa kiungo kikuu. Ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nyumba ya Jairam Shivji kisha Taria Topan, na popote palipotozwa ushuru wa pembe au gundi paliandikwa daftari. Juu ya yote hayo ilipepea bendera nyekundu isiyo na alama yoyote. Mgeni akiuliza hapa ni kwa nani, jibu lilikuwa mbele ya macho yake.

Novemba 1884 walikuja watu wa namna nyingine. Carl Peters na wenzake walipanda Usagara na nchi za jirani, wakarudi na karatasi zenye alama za machifu, mojawapo ya Mangungo wa Msovero, ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania ameisoma darasani. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Karatasi za Peters ni mfano wa kazi mbovu: ziliandikwa kwa lugha ambayo mwenye nchi haisomi, na zilidai kununua kitu ambacho chifu wa kijiji hakuwa na mamlaka ya kukiuza. Zilipata nguvu kwa sababu ya mkono uliozishika Berlin, wala si kwa sababu ya kilichoandikwa ndani.

Jibu la Barghash lilikuja mwishoni mwa Aprili. Waya wa simu ya maandishi chini ya bahari ulikuwa umeifikia Unguja kutoka Aden tangu 1879, naye aliutumia kumwelekea Kaisari mwenyewe. Ujumbe haukutapatapa. Ulizitaja nchi kwa majina, ukasema ni zake tangu enzi za baba zake, na ukasema machifu waliojidai kuzitoa hawakuwa na haki ya kuzitoa. Ni hoja ya mwanasheria: haigombani na tabia ya Peters, inagusa uwezo wa aliyetia alama. Hapo hapo alimtuma kamanda wake, Lloyd Mathews, hadi Kilimanjaro, akakusanya tamko la machifu wa Uchaga na Taita kwamba wao ni raia wa Sultani. Mangi Rindi wa Moshi alikubali, na kabla mwezi wa Juni haujaisha alikuwa ameshatia sahihi na Wajerumani pia. Simlaumu. Rindi naye alikuwa akilinda nchi yake kwa zana alizokuwa nazo.

Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri. Katika msafara huo alikuwemo Salme, ndugu yake Barghash kwa baba, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani, na uwezekano wa kumtumia kama kisingizio ulikuwa wazi. Safari hii Waingereza hawakusimama naye. Walikuwa wamekwama Misri, wakihitaji kura ya Ujerumani katika mambo ya madeni ya huko, na Kirk, rafiki wa miaka mingi, aliagizwa amshauri Sultani akubali. Akakubali. Waliomwona dhaifu kwa hilo hawajajiweka mahali pake. Mji wenyewe uko ufukoni, mizinga inaufikia wote.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha habari hii. Madola yaliunda tume ya kutafuta mipaka ya Sultani. Uingereza ilimtoa Kitchener, yule atakayesifika baadaye kwa vita, Ujerumani ikamtoa Schmidt, Ufaransa Raffray. Mwenye nchi hakupewa kiti. Na sharti lilikuwa kali: liandikwe lile tu ambalo wajumbe wote watatu wameliafiki, maana yake mmoja akikataa, mahali hapo Sultani amepoteza. Walipita bandari kwa bandari katika miezi ya kwanza ya 1886. Upande wa Wajerumani ulitaka mamlaka ya Sultani yahesabiwe kituo kwa kituo, kama madoa, ili katikati yake pabaki wazi kwa kampuni yao.

Fikiria mashua ya tume ikikaribia mji mdogo wa Mrima. Wajumbe wanashuka, wanauliza. Liwali ni nani, aliteuliwa na nani? Askari wangapi? Ushuru unalipwa wapi na unakwenda kwa nani? Kesi huamuliwa na kadhi gani? Barghash hayupo kuwajibu, lakini majibu aliyaweka tayari kwa miaka kumi na tano: yupo liwali, ipo forodha, ipo bendera. Tarehe 9 Juni wote watatu walitia sahihi. Mapatano ya mwisho wa mwaka yalipochukua kazi yao, pale kati ya Minengani na Kipini yaliandikwa yale maneno "bila kukatika". Bara lote lilikwenda, Kilimanjaro ikaangukia upande wa Ujerumani, usultani wa Vitu ukaachiwa dirisha lake la bahari. Lakini mwambao ulitoka mzima. Kwa mtu ambaye hakuingia chumbani, hayo ni matokeo makubwa.

Siwezi kuusifu ufundi huu nikanyamazia uliwaangukia nani. Forodha ile ilikuwa imenenepa kwa pembe na watumwa. Wazaramo, Wadigo, Wagiriama, Wapokomo na wengine walioishi ndani ya maili hizo hawakuulizwa na Kitchener wala na Sultani. Upande wa Kenya sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilikuja kuwapa nafasi wenye nyaraka na kuwaacha wengi wakiwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa, na kidonda hicho hakijapona. Karatasi iliyoandikwa vizuri hudumu, hata katika udhalimu wake.

Nayo ilidumu kweli. Barghash alifariki Machi 1888. Mwaka huo huo sehemu ya kusini ilikodishwa kwa kampuni ya Kijerumani, Pangani ikawaka chini ya Abushiri, na mwaka 1890, katika mapatano yaliyohusu pia kisiwa cha Heligoland, Ujerumani ilijipatia upande wake moja kwa moja kwa kumlipa Sultani marki milioni 4. Upande wa kaskazini haukuuzwa. Uingereza iliukodi mwaka 1895 kwa pauni 17,000 kwa mwaka, na Kenya ilipofanywa koloni mwaka 1920 ukanda wa maili 10 ulibaki kando, himaya na si koloni, bendera nyekundu ikipepea juu ya Fort Jesus. Hapakuwa na njia ya kuumaliza ila kwa maandishi mengine. Yaliandikwa Oktoba 1963, Zanzibar ikikubali kuuachia ukanda huo uwe sehemu ya Kenya huru, na Jomo Kenyatta akamwandikia Waziri Mkuu Mohammed Shamte kuahidi kwamba Mahakama za Kadhi zitahifadhiwa daima.

Ahadi hiyo leo ni Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Mwislamu wa Mombasa, au wa Nairobi, anayepeleka shauri la mirathi kwa kadhi anatumia haki iliyoshuka kutoka kwa barua hizo, na barua hizo zilihitajika kwa sababu ya maili kumi za mwaka 1886.