Hesabu ya Mvuke wa Petroli

Gari lililozimwa na kuegeshwa juani bado linapumua. Jua likipanda, petroli tangini inapata joto na mvuke unatafuta pa kutokea. Usiku tangi likipoa, hewa inaingia. Mvuke huo huchafua hewa ya miji, ndiyo maana California ilianza kuudhibiti tangu magari ya 1970. Kinga yake ni kanista, kopo la mkaa amilifu ambao gramu moja tu ina vitundu vyenye eneo linaloweza kuzidi mita za mraba 1,000. Mkaa unanasa mvuke. Injini ikiwaka, inavuta hewa kupitia humo na kuuchoma mvuke.

Sasa njoo kwenye haibridi ya kuchaji. Mwenyewe anaichaji kila usiku, anakwenda kazini na kurudi kwa umeme, na injini haiwaki hata wiki nzima. Nani atausafisha ule mkaa?

Wahandisi wanaolijibu swali hili kwa hesabu nawapa heko kwa moyo wote. Wanaanza na mlinganyo mfupi aliouchapisha mtafiti Reddy mwaka 1989: upe shinikizo la mvuke wa petroli na halijoto mbili, ya asubuhi na ya mchana, nao utakutajia gramu za mvuke kwa nafasi iliyo tupu tangini. Kazi pevu iko ndani ya kanista. Mkaa ukinasa mvuke hupata joto, na ukiwa na joto hunasa kidogo. Ukisafishwa hupoa, na ukipoa hauachii kirahisi. Gari likilala siku kadhaa, mvuke uliobaki hujisambaza polepole hadi mdomoni mwa kopo, na kesho yake ndio unaotangulia kutoka. Haya yote lazima yafuatwe tabaka kwa tabaka, kwa sababu kanuni za California zinaliruhusu gari dogo kutoa gramu 0.3 tu za mvuke katika chumba cha majaribio kisichopitisha hewa.

Chevrolet Volt, haibridi ya aina hiyo, ilifunga tangi lake kabisa, likahimili shinikizo. Dereva anayetaka kujaza mafuta hubonyeza kitufe na kusubiri shinikizo lishuke. Kwa mtu wa hesabu, hapo ndipo penye uzito: mvuke uliozuiwa unakimbilia kanista kwa mkupuo, kisha petroli mpya inasukuma mwingine nyuma yake. Kopo linapaswa kuwa na nafasi ya yote mawili, hata kama injini haijawaka kwa wiki kadhaa.