Nani ana "opinion", nani ana "belief"?

Wandugu, mimi si mtu wa lugha, nilisoma ajronomi. Ila kuna fomu moja ya ankete ya wakulima, tuliyoizungusha hapa Kibati, siwezi kuinyamazia. Iliandikwa kwa Kiingereza, ikapita kwa Kifaransa, ikatufikia kwa Kiswahili. Njiani, "belief", "opinion" na "view", yote matatu yakawa "imani".

Mama mmoja alinijibu: "Moshi ya volkano ikilala huku, kisha mvula inyeshe, majani ya maharagi inaungua. Minaona na macho yangu." Nafasi ya kuandika ilikuwa moja tu: Imani za wenyeji. Nikaandika humo. Na nilijua vizuri kwamba gesi ya Nyiragongo ina salfa, na ikikutana na mvua inakuwa asidi inayochoma majani. Mama alinieleza kemia, mimi nikamweka upande wa mizimu.

Kiingereza chenyewe hakichanganyi hivyo. Opinion ina mwenyewe: ni yangu, unaweza kuibishia, kesho naweza kuibadilisha. Belief ni kitu unachokishika kuwa kweli, uwe umekiona au hapana. Conviction ni nzito zaidi, haing'oki kirahisi (na mahakamani neno hilohilo ni kupatikana na hatia, kwa hiyo msilitafsiri mkiwa na usingizi). View inatoka kwa kuona, sawa na "maoni" yetu, sawa na "rai" tuliyopewa na Kiarabu, ambako mzizi wake pia ni kuona. Mama aliposema "minaona", neno lake lilikuwa tayari. Sisi ndio tulimnyang'anya.

Kuna atakayesema: lakini wakulima wenyewe wanasema "naamini". Kweli, "naamini kesho itanyesha". Kitenzi hicho ni chepesi. Jina lake ndilo zito: ukisema "imani" hapa Goma, mtu anawaza kanisa, na kwa imani hakuna anayekuja kupima kitu, wanaleta sansibilizasio tu.

Tena angalieni nani anapewa neno gani kwenye ripoti. Mtaalamu ana "expert opinion", mkulima ana "local beliefs", hata kama wote wawili wamesema jambo moja. Mfano uko karibu: mazuku. Ni watu wa huku walioipa jina ile hewa mbaya inayolala mabondeni na kuua mbuzi, hata watu. Ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa. Leo wataalamu wa volkano wanaandika "mazuku" vilevile katika Kifaransa na Kiingereza chao. Ingepitia fomu yetu, ingekuwa bado imani.

Mimi ningeigawa ile nafasi moja kuwa maswali matatu: Umeona nini? Unafikiri inatoka wapi? Na kama kweli wanataka ya dini, waulize ya dini peke yake. Nimemwandikia msimamizi hivyo. Alijibu kwamba fomu zimeshaingizwa kwenye mashine, na jibu la yule mama liko huko, chini ya "imani", na namba yake.