Uso Unaotimia kwa Nukta Moja: Usanii wa JR Kibera na Suala la Hadhira

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Mgawanyo huo hautoshi pale kazi inapowekwa juu ya mapaa ya mabati na ubavuni mwa gari la moshi. Makala haya yanadai kwamba kazi ya namna hiyo inafaa kuhakikiwa kama utendaji wa fasihi simulizi, yaani kwa kuanza na hadhira.

Mwaka 2009 JR, msanii kutoka Ufaransa, alitandaza picha za macho na nyuso za wanawake wa Kibera, Nairobi, juu ya mapaa yenye eneo la meta 2,000 za mraba. Mabehewa ya gari la moshi nayo yalibandikwa macho, na sehemu za chini za nyuso zikabandikwa kwenye mabati yaliyopangwa mteremkoni, chini ya reli. Gari lilipopita, macho yalikutana na midomo kwa nukta moja, uso ukatimia, kisha ukavunjika.

Wolfgang Iser alieleza kuwa matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza. Hapa pengo lilijazwa na mwendo wa gari la moshi, na aliyeweza kuuona uso ukitimia ni yule aliyesimama nje. Abiria mwenye tikiti hakuona kitu. Huu ndio ufundi wa kazi hii, nasi twauona kuwa mkubwa kuliko wa mapaa.

Macho ya mapaani yalielekezwa angani, kana kwamba hadhira yake ni ndege na setilaiti. Mwanamke aliyelala chini ya picha yake hakuiona. Ni rahisi kuishia hapo na kumshutumu msanii. Lakini picha hizo zilitengenezwa kwa malighafi isiyopitisha maji, kusudi zizuie mvua. Mhakiki anayeiona sifa hiyo kuwa jambo la kiufundi tu hajapata kulala chini ya bati bovu wakati wa masika. Kwa mwenye nyumba, dhima hiyo ndiyo maudhui.

Hapa Kakamega tunalo la kulinganisha nalo: Jiwe Linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya kwenda Kisumu. Halikuchongwa na mtu. Ni mwamba wenye jiwe mfano wa kichwa, na maji hutiririka juu yake kama machozi. Kilichougeuza mwamba kuwa uso ni masimulizi. Mojawapo husema ni msichana aliyeachwa na mpenzi wake. Wengine husema vingine, na kila msimulizi ni fanani halali.

Je, wanawake wa Kibera walipewa masimulizi? Walihojiwa, na sauti zao zimo katika filamu ya JR ya 2010, *Women Are Heroes*. Mapaani na mabehewani hamkuwa na neno. Mtazamaji wa sinema alipata uso pamoja na kauli. Aliyetazama picha za kutoka angani alipata uso bubu, na hilo ni pengo ambalo aghalabu hujazwa kwa huruma. Jirani wa Kibera, kwa upande wake, hakuhitaji filamu. Aliyajua macho yale ni ya nani, na huenda alikuwa na la kusimulia kuhusu mwenyewe ambalo msanii hakuambiwa.